Jaribio la Tarehe 31 Juni

Jumatatu, 6 Oktoba

Barua imefika saa tatu na robo. Mkaguzi wa makao makuu anakuja Jumatatu ijayo. Mpango wetu wa Kurejesha Kazi Baada ya Maafa anasema ameshausoma. Sasa anataka kuuona ukifanya kazi. Saa mbili kamili asubuhi atazima seva kubwa kwa mkono wake mwenyewe, kisha atavuta kiti akae amtazame mkuu wa kitengo cha kompyuta akirudisha kila kitu kutoka kwenye nakala za akiba.

Mkuu wa kitengo cha kompyuta ni mimi. Kitengo pia ni mimi.

Kuna aya ya mwisho. Mkaguzi anaomba maelezo kuhusu jaribio lililofanyika, kwa mujibu wa fomu yenye saini yangu, tarehe 31 Juni. Nimeisoma mara tatu, sioni tatizo. Kila mwisho wa robo mwaka najaza fomu ya jaribio, naandika "limefaulu", natia saini. Mwaka wa tatu huu. Sijakosa hata robo moja! Jaribio lenyewe sijawahi kulifanya, lakini fomu haina mahali pa kuandika hilo.

Nyumbani nimemuuliza mke wangu. Yeye ni mwalimu wa darasa la pili. Akakunja ngumi, akahesabu miezi juu ya vifundo vya vidole: penye kifundo siku thelathini na moja, penye bonde pungufu. Juni ikaangukia bondeni. Akasema watoto wa miaka minane wanalijua hilo. Nikamjibu kwamba watoto wa miaka minane hawana seva ya kutunza.

Hata hivyo fomu ya Septemba nayo niliandika 31, na mkaguzi hakuigusa. Kwa hiyo tatizo ni Juni peke yake.

Mkurugenzi aliniita alasiri. Alikuwa na barua mkononi. Alinikumbusha kwamba tunapeleka dawa kwenye zahanati mia mbili na kumi na mbili, kwamba themanini na sita kati ya hizo hupokea insulini kila Jumatatu, na kwamba orodha ya nani apewe nini imo ndani ya mashine ile. Watu wanaoisubiri insulini hawasubiri kwa raha zao, alisema. Zoezi likishindwa, kazi ya kompyuta itahamishiwa makao makuu, nami nitahamishiwa ghalani kubandika lebo kwenye maboksi. Akaniuliza kama nina wasiwasi.

Nikasema hata kidogo. Shati lilikuwa limenigandia mgongoni.

Hapa ofisini wananiita Mtaalamu. Ghalani hakuna wa kuitwa hivyo.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimesoma Mpango. Kurasa themanini na nne. Mara ya kwanza.

Niliupata kwa rafiki anayefanya kazi hotelini, nikabadilisha jina kwenye jalada. Ukurasa wa 31 unaagiza kwamba moto ukizuka wageni wa ghorofa ya tisa waamshwe kwa adabu. Sisi tuna ghorofa moja. Ukurasa wa 40 unataka bwawa la kuogelea lifungwe mara moja. Bwawa nimelikata kwa kalamu nyekundu. Wageni nimewageuza wafanyakazi, lakini adabu nimeiacha.

Ukurasa wa 52 ndio ulionizindua. Unataka chumba cha pili cha dharura, kikavu, chenye mlango unaofungika. Jengo zima lina chumba kimoja tu cha namna hiyo, nacho kimekaliwa na Mama Jalada.

Mama Jalada ni mtunza majalada wetu. Ana miaka ishirini na sita kazini. Kila oda inayoingia kwenye mashine yangu, yeye huichapa, huitoboa matundu mawili na kuifunga kwenye jalada la zahanati yake. Hakuna aliyemwagiza. Nimeandika barua tatu kulalamikia wino. Ananiita "mwanangu" mbele ya madereva. Nina miaka arobaini na minne!

Nilikwenda kwa upole. Nikamweleza kwamba dunia imehama kwenye karatasi. Akasema ikishahama imwachie ufunguo. Nikamwambia karatasi ni chakula cha panya. Akasema panya wa chumba chake wanamheshimu kuliko baadhi ya watu. Nikamwambia mambo ya mashine hayajui, asiyaseme. Akasema sawa, kuanzia leo jambo lolote la mashine akiliona atanyamaza. Dereva mmoja alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akashika fremu.

Nimerudi mezani kwangu. Nimeandika barua ya nne kuhusu wino. Hasira, si woga.

Jumatano, 8 Oktoba

Sikulala vizuri. Nimeota ninabandika lebo kwenye maboksi na maboksi hayaishi.

Ukurasa wa 12: nakala za akiba zihifadhiwe nje ya jengo. Hapa angalau niko imara! Diski zangu saba, moja kwa kila siku ya wiki, ziko kwa mama mkwe, kilomita tatu kutoka ofisini. Mwanzoni nilikuwa mwaminifu. Nilinakili, nikapeleka, nikachukua ya zamani nikarudi nayo. Ila mama mkwe ana bomba la jikoni linalovuja, na kila nikifika aliniuliza litatengenezwa lini. Nikapunguza safari. Agosti ya mwaka jana nikapumzika kidogo. Mapumziko yamefika miezi kumi na minne.

Leo nimempigia simu. Nimeuliza kama diski zipo. Akasema, "Zipo, baba, tena zinanisaidia sana." Nikashukuru nikakata kabla hajafika kwenye bomba.

Baadaye nikaanza kujiuliza zinamsaidia nini. Nimeamua ni maneno ya adabu tu.

Ila hata zikiwa salama, zina orodha ya Agosti mwaka jana. Mkaguzi ataona. Nimekunywa chai vikombe vitano.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepata! Wepesi wa akili ni kipaji.

Chumba cha kompyuta kina mashine mbili. Bwana Mkubwa ndiye seva inayofanya kazi. Mzee ni ile ya zamani, nilishaisafisha, haina kitu, imewekwa kwa ajili ya mazoezi. Jumamosi ofisi ikiwa tupu nitanakili kila kitu kutoka kwa Bwana Mkubwa kwenda kwa Mzee. Jumatatu mkaguzi atamzima Bwana Mkubwa. Mimi nitachomeka diski yoyote, nitakunja uso, nitagonga kibodi kama dakika kumi. Kisha Mzee ataamka na oda zote za wiki iliyopita, nami nitafuta jasho kama mtu aliyefanya kazi.

Programu ya kunakili ina sehemu mbili kwenye skrini, kushoto na kulia, kama mashine zenyewe zilivyopangwa mbele ya kiti changu. Unachagua upande gani uigwe na upande gani uige. Kisha inafuta kila kisicholingana. Ni rahisi, lakini mimi ni mtu wa tahadhari. Nimeandika karatasi mbili, KUSHOTO na KULIA, nikazibandika juu ya mashine zenyewe ili nisichanganye. Nilibandika nikiwa nyuma ya mashine kwa sababu huko ndiko feni inapuliza. Bwana Mkubwa ni KUSHOTO, Mzee ni KULIA. Mama Jalada alipita nje ya dirisha, akasimama, akatazama karatasi, akanitazama. Hakusema kitu. Ameanza kutii.

Jambo la pili. Nimeandika dokezo la kuita lori la kiwanda cha kuchakata karatasi, libebe makaratasi yote ya zamani ya chumba cha majalada ili kipatikane chumba cha dharura kwa mujibu wa ukurasa wa 52. Nimeliweka katikati ya barua nyingine kumi na moja. Mkurugenzi ametia saini zote kumi na mbili akiongea na simu.

Lori linakuja kesho saa nne. Chumba kikiwa kitupu, mkaguzi atakiona. Na Mama Jalada atahitaji kazi nyingine. Nasikia ghalani kuna nafasi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Saa tatu na nusu nimepanga maboksi yangu manne ukutani nje ya chumba cha majalada, tayari kuhamia. Vitabu vya mashine, kebo, na nakala pekee iliyochapwa ya Mpango, yenye masahihisho yangu mekundu. Kisha nikaenda kwa daktari wa meno. Jino haliumi. Nilitaka tu kuwa mbali.

Nimerudi saa saba. Ukumbi ulikuwa mtupu. Mlango wa chumba umefungwa kwa kufuli. Mama Jalada alikuwa amekaa nje ya mlango akinywa chai, mtulivu kupita kiasi. Nikamuuliza kama lori lilikuja. Akasema, "Lilikuja, mwanangu. Limebeba makaratasi yaliyokuwa hayana kazi."

Nilitarajia machozi. Angalau kwikwi. Hata hivyo ushindi ni ushindi.

Kuhusu ufunguo, alisema nitaupata Jumatatu. Maboksi yangu sikuyaona. Nadhani yameshaingizwa ndani.

Daktari ameona jino jingine bovu. Limeng'olewa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siwezi kuandika vizuri. Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nane mchana nilifika ofisini. Mlinzi aliniuliza kama kuna dharura. Nikacheka.

Saa nane na dakika ishirini nilikaa mbele ya skrini. Nikainua macho nikasoma karatasi zangu. Bwana Mkubwa, KUSHOTO. Nikachagua: kushoto aigwe, kulia aige. Programu ikauliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo. Ikauliza tena. Nikaona inanidharau. Nikajibu ndiyo kwa kidole cha kati.

Saa tisa kasoro dakika kumi iliandika: *Pande zote mbili sasa zinalingana.*

Zinalingana kweli. Huku hakuna kitu, na kule hakuna kitu.

Nilikaa nikitazama mashine kama dakika nne. Kisha nikainuka, nikaenda nyuma yake, mahali niliposimama Alhamisi. Nikainua mkono wa kushoto. Nikarudi mbele. Nikainua mkono wa kushoto. Mkono ulinyooka kwa Mzee.

Zahanati mia mbili na kumi na mbili. Oda zote. Tarehe za dawa kuisha muda. Orodha ya insulini ya keshokutwa. Nimezifuta mimi, kwa tahadhari zangu mwenyewe.

Nikakumbuka karatasi za Mama Jalada. Moyo ukaruka kwa furaha. Kisha nikakumbuka lori.

Nikatafuta Mpango. Ukurasa wa 3 ulikuwa na hatua za mwanzo za kuchukua, naukumbuka kwa sababu ulitaja mhudumu wa mapokezi. Nakala iliyochapwa imo kwenye maboksi, nayo yako ndani ya chumba chenye kufuli. Nakala ya kompyuta ilikuwa ndani ya Bwana Mkubwa.

Mlinzi aliniuliza wakati natoka kama kila kitu ni salama. Nikamwambia hakijawahi kuwa hivi.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimefika kwa mama mkwe saa mbili asubuhi, nikiwa nimebeba tabasamu. Amesema nimekonda. Nimeuliza diski.

Mbili ziko chini ya mguu wa meza ya cherehani. Meza ilikuwa inayumba, sasa haiyumbi. Anashona saa tatu kila siku, mwezi wa kumi na nne huu, na diski ziko chini zikitetemeka. Nne ziko sandukuni, safi kupita maelezo. Zilikuwa na vumbi, baba, alisema, kwa hiyo alizifua kwa sabuni ya unga na kuzianika juani, mbili mbili, zisibanane. Ya saba huzuia mlango wa jikoni usifungwe na upepo. Kila anayeingia huipiga teke kidogo. Nami nilipoingia niliipiga.

Nikaomba nizichukue. Akasema meza ya cherehani haiinuliwi mpaka bomba litengenezwe. Nikamweleza kwamba kuna watu wanaosubiri insulini. Akasema, "Na mimi nasubiri bomba tangu mwaka juzi, baba, wala sijakuita mjeuri." Nimekaa chini ya sinki kwa muda wa saa mbili na dakika kumi na nne. Maji yaliingia sikioni. Sasa linavuja upande mwingine, lakini polepole.

Saa tisa nilikuwa ofisini na diski saba kwenye mfuko wa sokoni. Za cherehani zililia kama mbuzi. Zilizofuliwa hazikutoa hata sauti, ila zinanukia vizuri. Ya mlangoni, ile ya mateke, ilifunguka mara moja.

Tarehe 9 Agosti, mwaka jana.

Nimeipakia kwa Mzee. Ni bora kuliko utupu. Kesho nitasema nini? Nimefikiria umeme ukatike. Nimefikiria kuugua. Nimefikiria kumwambia Mkurugenzi ukweli, lakini hiyo nimeiacha ya mwisho, na muda umekwisha.

Mke wangu ameniuliza kwa nini ninanukia sabuni.

Jumatatu, 13 Oktoba

Saa mbili kasoro dakika tano mkaguzi aliingia. Mama mfupi, miwani, rula ya chuma mfukoni. Hakukubali chai. Mkurugenzi alisimama nyuma yake akiwa ameficha mikono mgongoni.

Saa mbili kamili alibonyeza kitufe cha Bwana Mkubwa. Hakuna kilichopotea. Hakikuwemo kitu cha kupotea.

Nilichomeka diski, nikakunja uso, nikagonga kibodi kwa dakika kumi kama nilivyopanga. Sehemu hiyo ilikwenda vizuri sana. Mzee akaamka. Mkaguzi akavuta kiti, akaweka rula mezani, akauliza swali moja tu: leo insulini inakwenda zahanati zipi?

Nje kulikuwa na magari sita yenye makasha ya baridi, injini zinanguruma. Barafu kwenye kasha hukaa saa nne, tano ikibahatika. Nikachapa orodha, nikawapa madereva. Nikamwomba Mungu wasome polepole.

Walisoma haraka. Wa kwanza alirudi kabla karatasi haijapoa. Akauliza mbona zahanati ni sitini na moja tu. Wa pili akasema yake ya kwanza ilihama tangu mwaka jana, pale sasa ni kinyozi. "Nimwachie kinyozi insulini, Mtaalamu, au nimsubiri amalize kunyoa?" Wa tatu akasema kwake wameandikiwa vichupa vinne, na wagonjwa anaowajua kwa sura ni kumi na wanane.

Mkurugenzi alinitazama. Mkaguzi alichora mstari kwenye daftari lake kwa rula. Mstari mrefu.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeandaa sentensi yenye neno "mtandao". Haikutoka. Nilichosema, na watu watano walisikia, ni kwamba orodha haipo, imefutika yote, tangu Jumamosi haipo. Sijui kwa nini nilisema. Nadhani ni kwa sababu ya wale kumi na wanane.

Nje injini bado zinanguruma. Saa mbili na dakika arobaini.

Mama Jalada aliingia na kitita cha funguo. Hakunitazama. Alimwomba Mkurugenzi mikono ya madereva sita kwa muda mfupi. Akafungua chumba chake.

Majalada yote yalikuwepo! Ukuta kwa ukuta, kutoka sakafuni hadi darini, kila zahanati na mgongo wake, mpaka oda za Ijumaa saa kumi na moja jioni. Hakuna panya hata mmoja. Nikauliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, lori lilibeba nini basi. Akasema lilibeba maboksi manne aliyoyakuta nje mlangoni, yasiyo na mwenyewe. Alipofungua moja alikuta maagizo ya kufunga bwawa la kuogelea, akajua hayatuhusu.

Madereva walitoa majalada, yeye alisoma, mimi niliandika. Kalamu na karatasi za nakala, tatu tatu. "Andika vizuri, mwanangu, hiyo nane inafanana na sita." Niliandika vizuri. Saa nne kasoro dakika kumi magari yote sita yalikuwa yameondoka. Zahanati themanini na sita. Alasiri simu zilipigwa zote, hakuna iliyokosa wala kuzidishiwa.

Mkaguzi aliuliza utaratibu huu uko ukurasa wa ngapi wa Mpango. Mama Jalada alimjibu kwamba ni wa kwake tu, mama, hauna ukurasa.

Mkaguzi akafunga daftari. Akakubali chai.

Jumatano, 15 Oktoba

Siku ya pili ya kuingiza oda za miezi kumi na minne kutoka kwenye karatasi. Wasaidizi wanne wa muda wanachapa, mimi nasoma. Sauti imekauka. Tumefika Februari.

Mama Jalada alinikuta ukumbini. Akaniambia alizisoma karatasi zangu siku ile dirishani na akajua nimebandika nikiwa nyuma. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema nilimkataza, na pengine mtaalamu ana sababu zake. Kisha akasema ajali ni ajali, lakini kushoto na kulia ni jambo jingine, na hilo hatamwambia mtu. Nikamuuliza kwa nini. "Nina mkwe kama wewe nyumbani," akasema. "Nimeshazoea."

Uamuzi wa Mkurugenzi umetoka saa tisa. Siendi ghalani! Mkaguzi ameandika kwamba mkuu wa kitengo alikiri kosa mbele ya mashahidi, jambo ambalo hajaliona katika miaka kumi na tisa ya ukaguzi. Kitengo kinabaki hapa, kwa masharti. Mratibu wa Maafa kuanzia leo ni Mama Jalada, nami niko chini yake. Mpango mpya ataandika yeye. Utakuwa na kurasa tatu. Na kila mwisho wa mwezi nitafanya jaribio, jaribio la kweli, nitajaza fomu, nitatia saini na kumkabidhi yeye mkononi.

Nilimshukuru. Nilitaka kumbusu mkono. Nimeapa, mbele ya majalada mia mbili na kumi na mawili, kwamba sitarudia.

Ijumaa, 17 Oktoba

Siku njema. Nimelala saa nane nzima.

Diski mpya saba nimezipeleka kwa mama mkwe asubuhi. Amefurahi sana. Meza ya cherehani ilikuwa imeanza kuyumba tena.

Nimelifikiria lile sharti la kila mwezi. Jaribio moja ni kazi ya siku nzima: unazima, unapakia, unalinganisha. Mara kumi na mbili ni siku kumi na mbili. Mtu mwenye majukumu atazitoa wapi? Na kosa langu halikuwa kutofanya jaribio. Nimelichunguza bila kujionea huruma. Kosa langu lilikuwa haraka. Nilijaza fomu moja moja, mwisho wa robo, nikiwa nimechoka, bila kuzitazama zote kwa pamoja.

Kwa hiyo alasiri hii nimekaa mezani nyumbani na kuzijaza fomu zote kumi na mbili za mwaka mzima, kwa utulivu. Nimetumia kalamu nne tofauti. Fomu ya Machi nimeidondoshea chai, ionekane imekaa kazini. Ya Desemba nimeandika "limefaulu baada ya ugumu kidogo", kwa sababu mkaguzi anapenda ukweli. Mama Jalada atapokea moja kila mwezi mkononi, kama alivyoagiza.

Mke wangu alikuwa upande wa pili wa meza akisahihisha madaftari. Aliniuliza kama nahitaji kuazima ngumi yake. Nikamwambia mimi si wa darasa la pili. Nimeshajifunza. Juni nimeweka 30, na nimeipigia mstari. Aprili 31, Septemba 31, Novemba 31, zote nadhifu, saini moja.

Februari nimeiacha ya mwisho, maana hiyo inataka umakini. Kila mtu anajua ni mwezi mfupi. Nimeiwekea tarehe 30.